Dondoo muhimu: Mipangilio ya mwanzo ya Windows

Wengi wetu hatuigusi mipangilio tunayoikuta kwenye kompyuta, kwa hiyo aliyeipanga ndiye anayeamua usalama wetu. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, kinga yake ya mtandao ilikuwa imezimwa ili programu za mtumiaji zisipate usumbufu. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikaingia kwenye mashine nyingi bila mtu kubofya chochote. Mwaka 2004 Microsoft ikaiwasha kinga hiyo kwa Service Pack 2.

Anza na akaunti. Ile ya kwanza huwa ya msimamizi, yenye uwezo wa kubadilisha karibu kila kitu. Fungua nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku. Utaombwa nywila ya msimamizi unapoweka programu, na usumbufu huo unastahili kabisa.

Pili, washa uonyeshaji wa viambishi vya faili, maana Windows huvificha. Faili iitwayo ankara.pdf.exe huonekana ankara.pdf tu. Ukiibofya ukidhani ni hati, umeendesha programu ya mtu usiyemjua. Kwangu mimi, huu ndio uamuzi mbaya kuliko yote yaliyofanywa kwa jina la urahisi.

Masasisho usiyazime, weka saa zako za kazi ili mashine isijizime na kuwaka katikati ya shughuli.

Maonyo nayo yakizidi hayasomwi, kama ilivyotokea kwa Windows Vista mwaka 2007. Likitokea onyo la kuomba ruhusa na hujaanzisha jambo lolote, jibu hapana.