Bwejuu: Jua la Mwaka, Mwezi wa Dini

Bwejuu, kijiji cha pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, huishi kwa hesabu mbili za siku. Mwezi ndio unaoamua Ramadhani, Idi na maulidi ya Mfungo Sita. Ndio pia unaoleta bamvua, maji yanapokupwa mbali na wanawake wakashuka kwenye mashamba ya mwani. Jua lina hesabu yake: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Kwa hesabu hiyo wavuvi na wakulima wa pwani walijua pepo na misimu. Siku ya kwanza ya mwaka huo wa jua ni Nairuzi, jina la Kiajemi.

Sherehe kubwa ya Nairuzi hufanyika Makunduchi, mwezi wa Julai, nayo ni Mwaka Kogwa. Watu hukoga baharini. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba hadi vinyongo viishe, wanawake huimba mafumbo yasiyomstahi mtu, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Wavyale, wazee wenye dhamana ya mizimu, hufukiza ubani na kuomba dua. Wako mashekhe wasioipenda mila hii, lakini wengi wanaocheza asubuhi huonekana msikitini adhuhuri. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na nuksi, kwa hiyo msafiri akikaribishwa chakula asikatae. Kutoka Bwejuu kwenda Makunduchi barabara hupita Paje na Jambiani. Ni vyema kuondoka mapema.

Katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, nako kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye, na bado linasaliwa. Asiye Mwislamu huomba ruhusa kwanza, huvua viatu na kujisitiri. Mwanamke hufunika kichwa.

Bwejuu kwenyewe, nguo za kuogea huishia ufukweni. Mchana wa Ramadhani kula njiani ni utovu wa adabu. Mapango na mahali penye vitambaa na ubani ni mizimu: haichezewi, na sheha wa kijiji ndiye wa kuulizwa. Marundo ya mawe yaliyo pwani nayo yasiguswe, kwani chini yake mna makumbi yaliyofukiwa yalainike, na kila rundo lina mwenyewe.