FAHAMU HAKI YAKO: Nyumba ya mwajiri na akiba yako ya NSSF

Wakaazi wengi wa Sagalla huteremka mlimani kutafuta riziki mjini Voi, katika mashamba ya mkonge, kwenye ranchi na katika hoteli za kitalii za Tsavo. Baadhi yao hupewa chumba na mwajiri. Ni msaada mkubwa: hulipi kodi ya nyumba na nauli haipotei. Hata hivyo, chumba hicho kinaweza kupunguza akiba yako ya uzeeni, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, kazini au karibu na kazini. Asipofanya hivyo, anapaswa kumlipa pesa za kutosha za kukodi nyumba, juu ya mshahara. Agizo la jumla la mishahara linaweka marupurupu hayo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa kima cha chini. Pia, mkataba unaweza kueleza kwamba pesa za nyumba zimo tayari ndani ya mshahara.

Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo viwango vyake vilianza kutekelezwa Februari 2023, mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mapato ya mwezi na mwajiri asilimia 6, hadi kikomo kilichowekwa. Kwa kawaida kinachopigiwa hesabu ni pesa unazolipwa. Chumba unacholala hakiingii.

Tupige hesabu

Chukua mfano wa wafanyakazi wawili wenye mshahara wa msingi wa Sh16,000. Wa kwanza anaishi katika nyumba ya mwajiri. Mchango wake ni Sh960, na mwajiri Sh960. Jumla ni Sh1,920 kwa mwezi.

Wa pili amepanga Voi na hulipwa asilimia 15 ya nyumba, yaani Sh2,400. Mapato yake ni Sh18,400. Yeye huchangia Sh1,104 na mwajiri Sh1,104. Jumla ni Sh2,208.

Tofauti ni Sh288 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3,456, na kwa miaka 20 ni Sh69,120, kabla ya kuongeza riba.

Hatusemi ukatae nyumba. Huenda unaokoa zaidi ya hizo kwa kutolipa kodi. Lakini umri wa kustaafu, miaka 60, ukifika, mwenzako ataendelea na maisha aliyoyazoea ya kulipa kodi. Wewe utarudisha ufunguo na kuanza kutafuta pa kuishi, ukiwa na akiba ndogo kuliko yake.

Ufanye nini?

1. Soma mkataba wako. Je, unapewa nyumba, marupurupu, au mshahara uliojumuisha nyumba?

2. Kagua hati ya mshahara kila mwezi. Kama huna nyumba wala marupurupu, na mkataba hausemi kuwa yamejumuishwa, muulize mwajiri.

3. Omba taarifa ya akaunti yako ya NSSF. Hakikisha pesa zinazokatwa zinafika huko.

4. Kama kampuni ina mpango wake wa pensheni, uliza mchango unahesabiwa kwa mshahara wa msingi pekee au pamoja na marupurupu.

5. Unaweza kuongeza mchango wa hiari katika NSSF. Katika mfano wetu, Sh288 kwa mwezi zingeziba pengo lote. Wengine hutumia pesa wanazookoa kujenga nyumbani Sagalla, kidogo kidogo, wangali na nguvu.

Masuala ya leba na NSSF yako chini ya Serikali ya Kitaifa. Ukiwa na malalamiko, fika katika ofisi ya leba au ya NSSF ukiwa na kitambulisho, mkataba na hati zako za mshahara.