Mlaji na Ustawi wa Wanyama Katika Jamii

Watu wengi hudhani kwamba ustawi wa wanyama ni kazi ya mfugaji, daktari wa mifugo na mahakama. Dhana hiyo ina upungufu. Biashara ya kuku, mbuzi na mikokoteni ya punda huendeshwa kwa fedha ya mteja. Na jambo analolikubali mteja kila siku bila kuuliza, muuzaji huliona kuwa ni desturi. Somo hili linaeleza namna mlaji anavyoweza kuwapunguzia wanyama mateso, na papo hapo kulinda afya na fedha yake.

Ustawi ni nini?

Wataalamu hupima ustawi wa mnyama kwa uhuru wa aina tano: uhuru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya mazingira yanayomsumbua, dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi, dhidi ya hofu na fadhaa, na uhuru wa kuonyesha tabia zake za asili. Nchini Tanzania, mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumpiga mnyama kikatili au kumbebesha mzigo kupita uwezo wake.

Unaponunua kuku

Ni jambo la kawaida kuona kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Kuku hana ukuta wa misuli unaotenganisha tumbo na kifua kama alionao binadamu. Akigeuzwa kichwa chini, matumbo yake hukandamiza viungo vya kupumulia, naye huhangaika kupata pumzi. Mbebe akiwa wima, ukimshika mwili na mbawa kwa mikono miwili, au mtie katika tenga lenye kupitisha hewa. Chagua muuzaji anayewawekea kuku wake maji na kivuli, na umweleze kwamba hiyo ndiyo sababu ya kununua kwake. Mfanyabiashara husikia haraka neno la mteja anayelipa.

Unaponunua nyama

Mnyama aliyeswagwa mwendo mrefu bila kupumzishwa, au aliyepigwa na kutishwa kabla ya kuchinjwa, huimaliza sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake. Sukari hiyo ndiyo ambayo, baada ya kuchinjwa, hugeuka asidi inayosaidia nyama isiharibike upesi. Ikikosekana, nyama huwa na rangi iliyokoza, ngumu na kavu, nayo huoza mapema. Aidha, sehemu zilizovilia damu kwa kipigo hulazimika kukatwa na kutupwa. Hivyo ukatili humtia hasara hata mlaji. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na umuulize mwenye bucha mnyama huyo alichinjwa katika machinjio gani.

Unapokodi mkokoteni wa punda

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Msemo huo unafaa kumhimiza mtu asikate tamaa, lakini haufai kuwa kanuni ya usafirishaji, kwa kuwa punda aliyekufa leo hatabeba mzigo wa kesho, na familia inayomtegemea itakosa riziki. Kabla ya kupakia, mtazame punda. Ikiwa anachechemea, au ana kidonda kibichi mahali panapokaa hatamu na kamba, kodi mwingine. Mzigo ukiwa mzito, kubali kulipia safari mbili. Mteja anayeshikilia safari moja ili apunguze gharama ana sehemu yake katika mateso ya mnyama huyo.

Mbwa wa mtaani kwako

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Kuwaua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa huu. Kinachouzuia ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika. Mpeleke mbwa wako kuchanjwa kila mwaka, na mhimize jirani afanye vivyo hivyo. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama jeraha ni dogo.

Unaposhuhudia ukatili

Usimwadhibu mwenye mnyama kwa mikono yako. Zungumza naye kwa staha, kwani wengine hukosea kwa kutojua. Akiendelea, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata, ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, au kituo cha polisi. Eleza mahali, siku na saa, na ulichokiona kwa macho yako, usiongeze uvumi.

Maswali ya kujipima

1. Kuku wa mwisho uliyemnunua alifikaje nyumbani?
2. Je, unamfahamu afisa mifugo wa kata yako na mahali ofisi yake ilipo?
3. Mbwa wa nyumbani kwako alichanjwa lini?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya haya, hapo ndipo pa kuanzia. Mnyama hawezi kudai haki yake kwa maneno. Anayelipa fedha anaweza kumdai muuzaji kwa niaba yake.