Kamera ya Waya au Isiyo na Waya? Desa kwa Tunaoishi Mageto

Muhula uliopita, wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti ya utafiti, mshikaji wangu wa chumba aliamka akakuta meza tupu. Laptopu haipo, na ndani yake kulikuwa na sura nne za utafiti ambazo msimamizi wake alikuwa anazisubiri. Chaja tu ndiyo iliyobaki kwenye soketi.

Sasa sikiliza. Tulikuwa na kamera! Ya kisasa, isiyo na waya, tuliyochangishana watu wanne bumu lilipotoka, tukaifunga kwenye korido juu ya mlango wa kuingilia. Asubuhi ile wote tulikimbilia simu kufungua programu yake. Picha ya mwisho ilikuwa ya saa nane kasoro dakika kumi usiku: korido tupu. Baada ya hapo, maandishi kwamba kifaa hakipo hewani.

Mwizi alifanya jambo dogo sana. Swichi kuu ya umeme wa nyumba ile iko nje ukutani, pembeni ya mita ya LUKU, kwenye kisanduku kisicho hata na kufuli. Alizima. Rauta ikazimika, kamera ikazimika. Alipokuwa anatoka akaing'oa na kamera yenyewe, memori kadi ikiwa tumboni mwake. Yaani ushahidi wetu wote aliondoka nao mfukoni.

Kwa kuwa nasoma uhandisi wa mawasiliano, tangu siku ile watu wananiuliza: ninunue ya waya au isiyo na waya? Nimejibu swali hilo kwenye kantini, kwenye daladala na hata msikitini. Nimeona bora niliandike mara moja.

Waya upi unaouzungumzia?

Kosa la kwanza liko kwenye swali lenyewe. Kamera ina mahitaji matatu: umeme wa kuiwasha, njia ya kupitisha picha, na mahali pa kuweka rekodi. Muuzaji wa Kariakoo akikuambia "hii haina waya", mara nyingi anazungumzia hitaji la pili tu, kwamba picha inapita kwa Wi-Fi. Geuza boksi uangalie: kuna chaja, na chaja inataka soketi. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa na waya, tena ule ambao mwizi aliuhitaji.

Zipo zisizo na waya kweli, zinazotumia betri, nyingine zikiwa na kipande cha sola. Hizi zina tabia yake. Ili betri idumu wiki au miezi, kamera inalala. Kuna kihisio kidogo kinachopima joto la mwili likipita mbele yake, nacho ndicho kinachoiamsha. Kuamka kunachukua muda kidogo, kwa hiyo mtu anayepita haraka unaweza kumpata mgongo tu. Na hairekodi usiku kucha, inarekodi vipande. Kwa kulinda mlango wa chumba inatosha. Kwa kujua nani aliegesha pikipiki nje ya geti kwa dakika arobaini, haitoshi.

Upande wa waya nako kuna koo mbili. Ile ya zamani ni ya kamera zenye waya mnene wa picha, kama ule wa antena ya TV, pamoja na waya mwingine wa umeme, zote zikiishia kwenye mashine ambayo mafundi wanaiita DVR. Mpya ni ile inayotumia waya wa mtandao wa kompyuta, na mashine yake wanaiita NVR. Uzuri wa hii mpya ni teknolojia ya PoE: umeme na picha vinapita ndani ya kebo moja. Kiwango chake cha kwanza, 802.3af, kilipitishwa mwaka 2003. Chanzo kinatoa hadi wati 15.4, na baada ya kinachopotea njiani kifaa kinahesabiwa kupata wati 12.95. Kamera nyingi za nyumbani zinakula chini ya hapo. Kebo moja inaruhusiwa kufika mita 100, na sijaona geto la mwanafunzi lenye urefu huo.

Je, kamera ya waya ingetuokoa?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Jibu ni hapana. Kama tungekuwa na kamera nne za waya na mashine yake, mwizi angezima swichi ile ile na zote zingelala pamoja. Waya peke yake hauleti umeme pale ambapo haupo.

Tofauti iko kwingine. Kamera za PoE zote zinakula kutoka sehemu moja, kwenye swichi ya mtandao au kwenye mashine yenyewe ya kurekodi. Ukiiweka mashine hiyo ndani ya chumba kinachofungwa, na ukaiunganisha na UPS moja, umelinda macho yako yote kwa mpigo. Umeme ukikatwa nje, kamera ya getini inaendelea kuona kwa sababu inalishwa kutoka ndani. Na mwizi akiing'oa anaondoka na jicho tu, rekodi inabaki.

Tupige hesabu ya betri. UPS ndogo nyingi zina betri ya volti 12 na Ah 7. Zidisha, unapata Wh 84. Kamera nne za wati 5 kila moja ni wati 20, mashine na diski yake tuseme wati 15, jumla 35. Gawa 84 kwa 35, unapata saa 2 na dakika kama 24. Hiyo ni ya kwenye karatasi. UPS yenyewe inapoteza umeme ikibadilisha, na betri haifai kukamuliwa hadi tone la mwisho, kwa hiyo hesabia saa moja na nusu hivi. Mgao wa usiku kucha hauuwezi. Mwizi aliyezima swichi akiwa na haraka, unamuweza.

Kwa kamera ya Wi-Fi unaweza kusema: basi nami nitaiwekea UPS. Sawa, lakini utalinda rauta na pia utavuta waya wa umeme kutoka kwenye UPS hadi mlangoni ilipo kamera. Ukishauvuta huo, kilichokuzuia kuvuta wa mtandao ni nini?

Picha zinakaa wapi

Kamera ya ubora wa 1080p, ukiipangia itoe megabiti 2 kwa sekunde, kwa saa moja inazalisha megabaiti 900. Kwa siku nzima ni gigabaiti 21.6. Kamera nne ni gigabaiti 86.4 kwa siku, maana yake diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku kama kumi na moja na nusu, kisha mashine inaanza kufuta za zamani. Ukikuta kamera zinazotumia mgandamizo wa H.265 badala ya H.264, zichukue, kwa sababu zinapunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa bila kuharibu sura ya mtu.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo uipeleke kwenye zile kamera za laini ya simu. Gigabaiti 21.6 kwa siku, kwa bando la nani? Ndiyo maana zinapangiwa kutuma vipande pale tu panapokuwa na mwendo. Ni mpango mzuri, na kwa sisi wapangaji kupeleka vipande nje ya nyumba ndiyo kinga pekee kama kamera nayo ni ya kuibwa. Sisi tuliona malipo ya mwezi ya kuhifadhi mtandaoni ni ya bure bure. Tungekuwa na kipande kimoja tu cha saa nane kasoro...

Wi-Fi na ukuta wa tofali

Wi-Fi ya 2.4 GHz ina njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Simama kwenye nyumba ya wanafunzi saa tatu usiku uhesabu mitandao kwenye simu yako. Mimi nilihesabu ishirini na sita, zote zinagombania njia hizo tatu, na wote wanaangalia mpira. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi, lakini ukuta wa tofali za saruji unayachosha haraka, na geti la bati ndio kabisa. Kabla hujanunua, nenda na simu hadi utakapofunga kamera, funga mlango, piga simu ya video kwa Wi-Fi ya geto. Ikikatakata, kamera nayo itakatakata.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halisemi. Kwenye Wi-Fi za zamani, ujumbe wa kukiambia kifaa "ondoka kwenye mtandao" haukuwa na ulinzi, hivyo mtu wa nje angeweza kuughushi. Kinga yake, 802.11w, ilitoka mwaka 2009, na WPA3 ya mwaka 2018 ikaifanya ya lazima. Kama rauta na kamera zako zote zinakubali WPA3, iwashe leo.

Ila wa waya msicheke. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na nywila zipatazo 60 zile za kutoka kiwandani, za aina ya admin na admin. Iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu, zenye waya na zisizo na waya bila ubaguzi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Fundi akimaliza kazi, kabla hajashuka ngazi, badilisha nywila mbele yake.

Fundi, mvua na mwenye nyumba

Ukiamua waya, jihadhari na kebo. Nyingi za bei chee ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Umeme wa PoE unapotea zaidi njiani kwenye kebo hiyo, na inavunjika kirahisi ikikunjwa. Kebo inayopita nje nayo ni mwaliko kwa radi wakati wa masika, kwa hiyo ipitishe ndani ya bomba, na uweke kizuia msukumo wa umeme kabla haijaingia kwenye mashine.

Halafu yupo mwenye nyumba. Kutoboa ukuta wake bila ruhusa ni ugomvi, na mkataba ukiisha waya unabaki, wewe unahama. Hapa kamera isiyo na waya inashinda bila mjadala. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kama umepanga chumba kimoja, nunua ya Wi-Fi au ya betri, ielekeze kwenye mlango wako kutokea ndani, weka UPS ndogo ya rauta, na lipia vipande viende nje. Kama mmepanga nyumba nzima na mna mwaka mzima mbele, ombeni ruhusa kwa maandishi, mfunge kamera mbili za waya, geti na korido. Mbili zinatosha. Hizo seti za kamera nane mnanunua kelele.

Dada wa chumba cha mwisho

Tulipokaa kikao cha kupanga mfumo mpya, sisi wanaume watatu tulizungumza saa nzima kuhusu kebo. Dada wa chumba cha mwisho alisubiri tumalize, akauliza: "Ile ya kwanza, nani alikuwa na nywila?" Kimya. Nywila ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja, na kamera ile ilikuwa inaona mlango wa bafu. Kwa miezi minne mtu mmoja aliweza kujua nani ameingia bafuni saa ngapi akiwa amevaa nini, na nani amerudi na nani. Hatukuwa tumewaza. Yeye alikuwa akiwaza kila siku anapochukua taulo.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inazungumzia haki ya faragha, na tangu tarehe 1 Mei 2023 ipo kazini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, alikuwa sahihi, na aliyekuwa na simu hiyo ni mimi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu. Tulikubaliana kamera isielekee bafu wala mlango wa chumba cha mtu, kwamba nywila ijulikane na wote wanne, na kwamba kuangalia rekodi za nyuma kufanyike watu wawili wakiwepo.

Mwenye nyumba alikubali tutoboe matundu mawili baada ya kuonyeshwa mchoro. Mashine iko kabatini kwenye chumba cha dada huyo, kwa kura zetu zote. Kile kisanduku cha LUKU sasa kina kufuli, na ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua. Mshikaji wangu alipata sura mbili za kwanza kwenye barua pepe alizokuwa amemtumia msimamizi. Mbili nyingine anaziandika upya kwenye laptopu ya kuazima, na kila jioni kabla ya kulala anajitumia faili.