KESI YA MAJAHAZI YA MASKATI, 1905: BENDERA NA MIPAKA YAKE

Tarehe 8 Agosti, 1905, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliyoko The Hague, Uholanzi, ilitoa hukumu katika shauri baina ya Ufaransa na Uingereza juu ya majahazi ya Waarabu wa Omani yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Kifaransa. Shauri hilo hujulikana kwa jina la Kesi ya Majahazi ya Maskati. Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba hii si habari ya mbali, kwani mkataba wa zamani uliotajwa katika hukumu ulitiwa saini hapa Zanzibar, na majahazi ya Omani yalikuwa yakija huku kwa pepo za kaskazi.

Mkataba huo ni wa tarehe 17 Novemba, 1844, baina ya Ufaransa na Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Maskati na Zanzibar kwa pamoja. Ndani yake Wafaransa, na watu waliokuwa chini ya himaya yao, walipewa kinga maalum. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na mwaka 1861 dola yake ikagawanywa mapande mawili. Tarehe 10 Machi, 1862, Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja la kuahidi kuheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na wa Sultani wa Zanzibar. Tamko hilo ndilo lililokuja kuwa kiini cha ugomvi, maana kila upande uliunyooshea kidole upande wa pili kuwa umelivunja.

Kilichoifanya bendera ya Kifaransa itafutwe sana ni upekuzi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka mwambao kuzuia biashara ya watumwa, hasa baada ya mikataba ya mwaka 1873 ambayo Masultani wa Zanzibar na Maskati waliifunga na Uingereza. Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na taifa jingine. Afisa wa Kiingereza aliyekutana na jahazi lenye bendera hiyo aliweza kutaka kuona hati zake tu, ahakikishe kuwa bendera ni ya haki, kisha aliache liende zake. Wenye majahazi wa mji wa Sur, mashariki ya Omani, waliufahamu vyema utaratibu huo, nao wakajipatia hati katika ofisi za Kifaransa za Bahari ya Hindi, zikiwemo za Mayotte na Nossi-Bé, na baadaye Obock.

Si haki kudhani kuwa kila aliyetwaa bendera hiyo alikuwa na watumwa chomboni. Maafisa na mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakilipwa zawadi kwa vyombo walivyokamata, na hata nahodha aliyepakia tende, samaki wa chumvi au boriti alikuwa na sababu ya kuogopa kusimamishwa. Lakini haikanushiki kuwa chini ya bendera hiyo wanaadamu wengi walichukuliwa na kuuzwa. Tarehe 3 Disemba, 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari London, iliyokuwa na kituo chake katika bandari ya Zanzibar, aliliendea kwa mashua ya mvuke jahazi moja karibu na Pemba. Jahazi lilikuwa na bendera ya Kifaransa, na kwa sababu hiyo yeye na watu wake walilikaribia kwa ajili ya kuangalia hati tu, bila ya kujiweka tayari kwa mapigano. Walishambuliwa ghafla, na Kapteni akauawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Jahazi lilikuwa limepakia watumwa.

Mkutano wa Brussels ulijaribu kuziba pengo hilo. Sheria Kuu iliyotiwa saini tarehe 2 Julai, 1890, iliamuru katika kifungu chake cha 32 kuwa mwenye chombo cha kienyeji asipewe bendera ya dola isipokuwa awe raia wa dola hiyo au mtu wa himaya yake, awe na mali isiyohamishika mahali anapoombea au atoe dhamana, na asiwe amewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ufaransa ilivikataa vifungu vya upekuzi, lakini kifungu cha 32 ilikikubali, na tarehe 2 Januari, 1892, ikaithibitisha Sheria hiyo.

Likabaki suali la nani hasa ni mtu wa himaya. Wasuri walikuwa raia wa Sultani Faisal bin Turki wa Maskati, lakini baadhi yao walishika kuwa hati ya Kifaransa imewatoa katika mamlaka yake, baharini na nchi kavu pia. Mwaka 1903 Sultani alipowafunga Wasuri waliovunja amri ya karantini, Ufaransa ilidai waachiwe, na manowari yake ikafika Maskati. Madola hayo mawili, ambayo wakati huo yalikuwa yakitafuta suluhu katika mambo yao mengi, yalikubaliana tarehe 13 Oktoba, 1904, kulipeleka jambo hilo The Hague. Uingereza ilimteua Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Ufaransa ikamteua A. F. de Savornin Lohman wa Uholanzi. Na Mfalme wa Italia akamchagua Heinrich Lammasch wa Austria kuwa mwamuzi wa tatu. Sultani mwenyewe, ambaye uhuru wake ndio uliokuwa ukijadiliwa, hakuwa mdai wala mdaiwa.

Mahakama ilianza kwa kukiri kuwa kila dola ina haki ya kuamua ni nani atakayepewa bendera yake na kwa masharti gani. Kwa hivyo hati zilizotolewa kabla ya tarehe 2 Januari, 1892, zilikuwa halali, na wenye nazo waliweza kubaki nazo maadamu Ufaransa inazihuisha. Baada ya tarehe hiyo Ufaransa ilikuwa imejifunga yenyewe. Haikuweza kumpa bendera raia wa Maskati isipokuwa yule aliyethibitisha kuwa alihesabiwa mtu wa himaya yake kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu mwezi wa Agosti, 1863, kulitoka kanuni ya Dola ya Uthmania na makubaliano baina ya Ufaransa na Morocco, na Mahakama iliona kuwa kwa hayo madola yaliacha desturi ya kuongeza watu wa himaya bila ya kiasi.

Majaji walikwenda mbali zaidi. Jahazi lenye hati halali lilibaki na kinga ya mkataba wa 1844 hata likiwa katika maji ya Maskati. Lakini hati haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwengine, wala kwa jahazi jengine, hata likiwa la mwenyewe yule yule. Msuri aliyeuza chombo chake baada ya hukumu hiyo aliuza mbao, tanga na nanga. Bendera haikuingia katika bei. Na kwa upande wa watu, iliamuliwa kuwa wenye majahazi, manahodha, mabaharia na aila zao hawatoki katika mamlaka ya Sultani, hasa mamlaka ya mahakama zake, kwa sababu ya bendera hiyo peke yake. Ufaransa ilishinda juu ya hati za zamani, lakini hati hizo zilikuwa hazirithiwi wala haziuziki, na kwa hivyo zilikuwa zikipungua kila mwenye nazo alipokufa au chombo chake kilipozama.

Kanuni iliyotajwa mwanzo wa hukumu imeishi zaidi kuliko majahazi yale. Mahakama Kuu ya Marekani iliitaja kesi hii mwaka 1953 katika shauri la baharia wa meli ya Denmark. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuthibitisha mwaka 1985, unaiachia kila nchi kuweka masharti ya kuandikisha vyombo, lakini katika kifungu cha 91 unataka kuwe na uhusiano wa kweli baina ya chombo na nchi yenye bendera. Kifungu kinachofuata kinakataza chombo kubadilisha bendera kikiwa safarini au bandarini, isipokuwa kimehamishwa miliki kwa kweli au kimebadilishwa uandikishaji.