Kipimo cha mimba: uaminiwe mstari wa asubuhi au wa jioni?

Msomaji wa Morogoro, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anauliza aamini kipi kati ya vipimo viwili alivyojipima nyumbani. Cha kwanza, alichokitumia siku moja baada ya tarehe ya hedhi kupita, kilitoa mstari mmoja; cha pili alijipima asubuhi ya siku ya sita, akakiacha dirishani, na alipokitazama jioni akakuta mstari wa pili uliofifia. Wifi yake amemwambia kwamba vikaratasi vya bei nafuu hudanganya, na kwamba anunue kile cha plastiki cha bei kubwa. Msomaji anaongeza kwamba aliacha sindano ya uzazi wa mpango miezi michache iliyopita.

Vipimo hivi vyote, viwe vikaratasi vya kuchovya, vya plastiki vya kudondoshea mkojo au vya kukojolea moja kwa moja, hutafuta kitu kimoja tu, yaani hCG, homoni inayotolewa na chembe zitakazojenga kondo la nyuma baada ya yai lililorutubishwa kujipandikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Upandikizaji huo hutokea takriban siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka kwenye ovari, na katika wiki za mwanzo kiwango cha homoni huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku 2 au 3. Ndani ya kikaratasi mna kingamwili, ambazo ni protini zenye uwezo wa kuinasa homoni hiyo, na zikiinasa hutokeza mstari wa rangi penye herufi T. Mstari wa C huthibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi, na usipotokea, kipimo hicho hakifai hata kama T imeonekana.

Wifi ana nia njema, lakini bei si kigezo. Kigezo ni kiwango kidogo kabisa cha homoni ambacho kipimo kinaweza kukitambua, nacho huandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 25 mIU/ml, ambacho kinatosha kwa mwanamke aliyechelewa siku sita. La kuangaliwa zaidi ni tarehe ya mwisho wa matumizi, pakiti isiyotoboka, na mahali ilipohifadhiwa, kwa kuwa vipimo vingi havipaswi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30, nalo duka lenye paa la bati lisilo na feni hulivuka kwa urahisi.

Tatizo la msomaji huenda lilianzia dukani kwa namna nyingine: vikaratasi huuzwa kimoja kimoja, na maelezo ya matumizi hubaki ndani ya boksi la muuzaji, jambo ambalo linapaswa kukoma. Maelezo hayo kwa kawaida husema jibu lisomwe baada ya dakika 5 na lisitegemewe baada ya 10, kwa sababu mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli, mara nyingi cha kijivu, kinachofanana na mstari. Mstari wenye rangi uliotokea ndani ya muda huo ni dalili ya mimba hata ukiwa hafifu; ule wa jioni hauthibitishi lolote. Kipimo cha kwanza nacho huenda kilifanywa mapema mno. Sindano haibadilishi majibu, ila inaweza kuchelewesha hedhi kwa miezi kadhaa.

Inafaa basi anunue kikaratasi kipya, aombe na maelezo yake bila kuona haya, atumie mkojo wa kwanza wa asubuhi, akichovye bila kuvuka alama ya juu, kisha asome kwa saa. Mstari ukibaki mmoja na hedhi isije, arudie baada ya wiki moja, halafu aende kituo cha afya. Ikitokea miwili, aanze kliniki kabla ya wiki ya 12.

Kipimo hakionyeshi mimba imekaa wapi. Akipata maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, akatokwa damu, akahisi maumivu begani au kizunguzungu, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na hapo asingoje kipimo kingine: aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.