Nyayo Bapa na Mazoezi Jijini Mwanza

Mwanza haikosi jiwe la kukanyaga. Lowesha unyayo, kanyaga jiwe kavu, kisha itazame alama: ikijaa unyayo mzima bila pengo upande wa ndani, una nyayo bapa. Usiishie hapo. Chuchumia huku mtu akikutazama kwa nyuma. Upinde ukijitokeza na visigino vikaelekea ndani, miguu yako inanyumbulika, na nyayo za namna hiyo, kama haziumi, hazihitaji tiba yoyote. Nawaomba wazazi walishike hili kabla ya kununua viatu maalumu vya bei kubwa: watoto wadogo huwa na nyayo bapa, na wengi wao upinde hujijenga wenyewe hadi kufikia miaka 10 hivi.

Kinachotibiwa ni maumivu. Kwa anayejiandaa na Rock City Marathon, huweza kuanzia ndani ya kifundo, chini ya kisigino au kwenye ugoko. Vilima vya Bugando na Mabatini huyachochea, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ikikaza, unyayo hulalia ndani kila unapopanda. Basi kimbia kwenye tambarare kwa wiki kadhaa. Ili kuilegeza misuli hiyo, egemea ukuta, mguu wa nyuma umenyooka na kisigino kikiwa chini, nusu dakika, mara 3 kila mguu.

Halafu jenga nguvu, na hapa ndipo penye kazi. Keti, tuliza unyayo sakafuni, uvute sehemu ya mbele kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Baadaye simama, inua visigino na kuvishusha taratibu, kwa miguu miwili, kisha mmoja. Yape mazoezi haya miezi 2 au 3. Kutembea pekupeku mchangani nako kunafaa, ila baki kwenye mchanga mkavu; maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria yana kichocho. Mwenye kisukari aliyepata ganzi miguuni asitembee pekupeku kabisa.

Ukichagua raba za mtumba katika soko la Mlango Mmoja, bonyeza nyuma ya kisigino: pawe pagumu. Ikunje: ikunjike penye vidole, si katikati. Iliyolika soli upande wa ndani iache, hata ikiwa nzuri kwa juu. Soli ya kuweka ndani ya kiatu, yenye kuinua upinde, huwapunguzia wengi maumivu ingawa haibadilishi umbo la mguu. Anza na ya kawaida kabla ya kulipia ya kupimiwa.

Upasuaji ni wa wachache, na kupona huchukua miezi. Lakini ikiwa mguu mmoja umebapa ukubwani, kifundo kimevimba kwa ndani, au huwezi kuinua kisigino ukisimamia mguu huo peke yake, huenda kano limeharibika. Usijitibu nyumbani: nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando wiki hii.